Kumuuguza Mzazi Malindi Bila Kukauka Moyo

Ukiwa unamuuguza mzazi nyumbani, unaamka usiku mara kadhaa kumgeuza, na asubuhi unakosa hata nguvu ya kusali. Anzia sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza: Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumhubiria, bali alimwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha akamwacha alale tena. Usihesabu, basi, usingizi wako kuwa uvivu.

Chagua mstari mmoja wa Zaburi kwa juma zima, tuseme wa kwanza wa Zaburi ya 121, uurudie unapokoroga uji au kufua mashuka.

Jambo gumu zaidi ni kuomba msaada. Katika Kutoka 17, mikono ya Musa ilipolegea, Haruni na Huri waliishikilia huku na huku hadi jua lilipokuchwa. Nawe waambie waumini wenzako waziwazi siku na saa unayohitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, kwa sababu "tunakuombea" pekee hakubadilishi shuka. Jirani Mwislamu akija kumjulia hali mgonjwa, mpokee kwa moyo mmoja.

Ukishapokewa zamu, nenda ufukweni hadi kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, ukae kimya. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, naye alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Maneno ya sala yasipokuja siku hiyo, usiyalazimishe; keti tu, usikilize mawimbi, kisha urudi kabla mgonjwa hajaamka.