Kabla ya kunakili kwenda /mnt, hakikisha diski ipo

Wenye steshenari hapa Ngamiani, Tanga, mnaotunza kazi za wateja kwenye diski ya nje: katika Linux diski haipewi herufi kama D: au E:. Kila kitu kinaanzia kwenye /, na diski hupachikwa (mount) juu ya folda, tuseme /mnt/akiba. Hatari iko hapo. Umeme ukikatika na diski isipopachikwa tena, ile folda bado ipo, tupu, na rsync, programu ya kunakili, itaijaza bila kulalamika. Nakala zote zinaingia diski ya ndani, ileile mnayohofia itakufa. Mkiipachika ya nje baadaye, zile nakala zinafunikwa: df -h (nafasi iliyobaki kwenye diski) inasema diski ya ndani imejaa, lakini du (ukubwa wa mafaili) haizioni.

Amri iwe hivi, ili rsync ianze tu kama diski imepachikwa:

mountpoint -q /mnt/akiba && rsync -a /home/ /mnt/akiba/

Kuzitafuta zilizofunikwa, banduweni diski kwa sudo umount /mnt/akiba, kisha ls -la /mnt/akiba. Mkishazihamisha, na diski bado haijapachikwa, endesheni sudo chattr +i /mnt/akiba mara moja. Kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) folda hiyo tupu itakataa kuandikwa hata na root, mtumiaji mkuu. Diski ikipachikwa juu yake, kazi inaendelea kama kawaida.