Mtoto anaenda kulala Sutter's Fort na shule? Muandaeni hivi

Wazazi wenzangu mlioko California, kuna shule ambazo zimekuwa zikiwapeleka watoto wa darasa la nne kulala Sutter's Fort, ngome ya kale pale Sacramento, wanaishi kama walowezi wa 1846, yaani miaka miwili kabla dhahabu haijaonekana Coloma, huko huko California. Msiwaache waende hivi hivi tu.

Nguo kwanza. Pamba au sufu, nailoni hapana kabisa maana wanakuwa karibu na moto wa kuni na cheche moja tu inayeyusha nguo ikagandia ngozini, na gauni refu lisiburute chini.

Halafu fanyeni mazoezi nyumbani, watoto wanapenda sana. Tia krimu kwenye chupa ya mdomo mpana, funga mfuniko vizuri, watikise kwa zamu mpaka siagi ijitenge. Mshumaa nao, unachovya utambi kwenye nta iliyoyeyuka, unatoa, unaacha ipoe, unachovya tena, ukiharakisha ile ya kwanza inayeyuka yote. Sufuria ya nta ashike mtu mzima.

Na jamani, historia waambieni yote! Ngome ile mlowezi John Sutter aliijenga kwa jasho la Wanisenan na Wamiwok, wenye ardhi, na wengi wao walilazimishwa kufanya kazi. Mtoto aende na maswali kuhusu hao watu, amuulize mwongozaji, asirudi anajua habari za magari ya ng'ombe peke yake.

Mwenye pumu mwambieni mwalimu mapema, moshi ni mwingi.