Kuzamia Gunilda: pigia hesabu baridi kwanza

Yoti Gunilda ilizama Agosti 1911 katika Ziwa Superior, karibu na Rossport, Ontario. Mwenyewe, tajiri William Harkness, aliona gharama kumlipa rubani aijuaye miamba ile, chombo kikapanda mwamba. Leo kimesimama wima kwenye kina cha mita 80 hivi, na maji ni nyuzi 4. Wazamiaji wawili wamefia hapo, 1970 na 1989. Naandika kwa aliyekwisha kufuzu kuzamia na gesi za heliamu; cheti cha mita 30 ulichopatia Mafia bado hakitoshi.

Hatua ya 1: Gesi ya kuvuta ukiwa chini. Mimi huchanganya oksijeni asilimia 15, heliamu 55, iliyobaki naitrojeni. Kwa mgandamizo wa bar 9 ulioko kina kile, sehemu ya oksijeni inafika bar 1.35, na kichwa hakilewi naitrojeni.

Hatua ya 2: Hesabu. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mitungi miwili ya lita 12, geji inasoma bar 232 ukiwa gatini kwenye nyuzi 20. Ikishapoa majini itasoma kama 220, na hujavuta hata pumzi moja. Hizo ni lita 5,280. Toa theluthi ya akiba, zinabaki 3,520. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu, chini, penye mgandamizo mara tisa, anatumia 180. Basi una dakika 19, si zaidi.

Hatua ya 3: Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kutoka mtungini. Usiivutie juu ya maji; unyevu wa pumzi yako utaganda barafu ndani yake. Ikianza kumwaga gesi, funga koki yake nyuma ya kisogo, hamia ya pili. Zoezi hili lifanye na glavu zile zile nene. Mimi nililifanya mikono mitupu, na siku yenyewe vidole vikapapasa koki kama si vyangu.

Hatua ya 4: Suti kavu, vazi lisiloingiza maji, linalojazwa gesi kidogo ndani. Usiijaze gesi ya heliamu, inapitisha joto karibu mara sita kuliko hewa. Beba kichupa cha argoni, au hata hewa tu.

Hatua ya 5: Shuka kwa kamba, zunguka nje. Ndani kuna tope, achana nako.

Hatua ya 6: Kupanda. Unapanda kwa vituo, ukisimama ili mwili utoe gesi ulizozinywa. Mita 21 badili kwenda naitroksi 50 (nusu oksijeni, nusu naitrojeni), mita 6 oksijeni tupu. Joto la fulana ya umeme lipunguze kabisa ukiwa chini kwenye Gunilda, lipandishe ukianza vituo: mwili wenye joto hunywa gesi haraka, uliopoa huitoa polepole. Fulana ikizima, ongeza dakika kwenye kituo cha mwisho, meno yagongane yakitaka.