Kumwandaa Kijana wa Lamu kwa Shule ya Bweni ya Shimla

Ukiwa mzazi wa Lamu unayekusudia kumpeleka mwanao Bishop Cotton, shule ya wavulana iliyoanzishwa mwaka 1859 katika mji wa milimani wa Shimla, kaskazini mwa India, anza kwa kuielewa asili yake, maana huko ndiko zilikotoka desturi atakazozikuta. Askofu George Cotton, mwanzilishi wake, alikuwa amefundisha katika shule ya Rugby, Uingereza, na malezi ya shule za huko yakaigwa: wanafunzi hugawanywa katika nyumba zinazoshindana, viranja huwasimamia wadogo, na michezo huhesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Kwa hiyo, miezi kadhaa kabla ya safari, mzoeze kutandika kitanda, kufua nguo zake na kufuata ratiba bila kusukumwa. Hayo, kwa maoni yangu, yana uzito kuliko masomo ya ziada.

Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa darasa la 10 ni ICSE, yaani cheti cha India cha elimu ya sekondari, hivyo linganisha mihtasari ya masomo mapema pamoja na mwalimu wake wa sasa. Shule ina kanisa lake. Iandikie ofisi ukiuliza waziwazi kuhusu sala ya Ijumaa, funga ya Ramadhani na nyama halali, nawe upate jibu la maandishi kabla ya kulipa ada. Viza ya mwanafunzi iombwe mapema.

Shimla iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na theluji huanguka, kwa hiyo sweta nzito ni za lazima (usizitafute Lamu). Likizo ndefu huwa wakati wa baridi, ambao kwetu ni kaskazi. Tiketi ya kurudi nyumbani ikatwe kabla ya msongamano wa Desemba.