Dakika Kumi za Magharibi: Jinsi ya Kucheza na Paka Mpaka Aridhike

Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, lakini alfajiri na magharibi huamka na nguvu zote za mwindaji. Cheza naye wakati huo, dakika 10 tu. Adhuhuri mwache alale.

Tafuta ufito wa sentimita 60 hivi, ufunge kamba ya kiatu ya mita 1, na mwisho wa kamba fungia kipande cha kanga kuukuu kilichoviringwa kikawa kama kidole gumba. Usitumie uzi wa cherehani wala wa sufu. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia ni vigumu kuutema, na ukifika tumboni huweza kuukunja utumbo hata kuukata. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute kabisa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa buruta kile kitambaa kimkimbie paka, kisimwendee. Panya hamfuati paka! Wengi wanaosema paka wao hapendi kucheza humtikisia kitu puani, mahali ambapo haoni vizuri. Kipitishe nyuma ya mguu wa kiti, kifiche chini ya mkeka, kiache kitulie, halafu kitikise kidogo tu. Mboni zitatanuka, makalio yataanza kuchezacheza. Hapo usiharakishe. Kuvizia ni sehemu kubwa ya raha yake, na wewe weka simu mbali uvizie pamoja naye.

Kila baada ya mara tatu au nne mwache akamate, aking'ate, akipige mateke. Ndiyo maana hatupendekezi taa ya leza: hukimbiza asichoweza kukishika, akabaki anazungukazunguka kukitafuta. Furaha ya paka ina mpangilio wake: kuvizia, kukimbiza, kukamata, kula, kujilamba, kulala. Sisi humaliza jambo tukakimbilia jingine kabla ya kulionja. Yeye hafanyi hivyo. Basi dakika mbili za mwisho punguza mwendo, mwache akamate mara ya mwisho, umpe dagaa wawili watatu waliolowekwa mpaka chumvi ikatoka. Kaa naye anapojilamba.

Usicheze naye kwa vidole. Mtoto wa paka anayezoeshwa kung'ata mkono ataendelea kuung'ata akiwa na meno makubwa. Masikio yakilala nyuma na mkia ukipigapiga sakafu, amekereka, hataki tena. Akihema mdomo wazi, acha mara moja, mpe maji na kivuli. Asipotulia upesi, ni kwa daktari.

Ufito uhifadhi kabatini. Ukiachwa sakafuni ataizoea kamba, au ataitafuna usiku.

Paka mzee huenda asiruke. Mburutie kitambaa taratibu kando ya mkeka aliolalia. Akinyoosha mguu mmoja akakigusa, amecheza.