Damu Chooni Kabla ya Miaka 50: Jinsi ya Kuepuka Kugunduliwa Umechelewa

Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo karibu na njia ya haja kubwa, imezoeleka kuwa ugonjwa wa wazee, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza vijana. Nchini Marekani, wagonjwa wa chini ya miaka 55 walikuwa asilimia 11 ya waliogunduliwa mwaka 1995. Kufikia 2019 walikuwa asilimia 20, na wengi wao hufika kwa daktari saratani ikiwa imekwisha kuvuka ukuta wa utumbo.

Anza kwa kuacha kujitibu bawasiri ambayo hakuna aliyeitazama. Ni kweli kwamba damu ya bawasiri huwa nyekundu na mbichi, tena hubaki juu ya kinyesi au kwenye karatasi, ilhali damu nyeusi iliyochanganyika na kinyesi hutoka mbali zaidi. Lakini uvimbe ulio ndani ya puru nao hutoa damu mbichi vilevile, kwa hiyo rangi peke yake haimwondolei mtu shaka.

Kabla ya kwenda hospitali, andika damu ilianza lini, choo kilibadilika lini, na uzito umepungua kiasi gani. Taja pia maumivu ya tumbo yasiyoisha na kuharisha kusikokoma. Ukiwa umepimwa ukakutwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, usikubali kupewa vidonge tu bila chanzo kutafutwa. Wanawake huambiwa upesi mno kwamba ni hedhi.

Omba puru ipimwe kwa kidole, kipimo cha dakika moja ambacho aibu, ya mgonjwa na wakati mwingine ya daktari mwenyewe, hukifanya kirukwe. Kisha ulizia kolonoskopia, yaani kuchunguza utumbo mpana kwa ndani kwa mrija wenye kamera. Kipimo cha kinyesi kikitoka safi huku damu ikiendelea kutoka, usiridhike.

Waulize wazazi na ndugu zako. Mama akigunduliwa akiwa na miaka 44, mtoto huanza kuchunguzwa akiwa na 34, yaani miaka 10 kabla ya umri huo, au akiwa na 40, kutegemea upi unatangulia. Kwa asiye na dalili wala historia hiyo, Marekani ilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021.

Ukiandikiwa dawa ya bawasiri, usitoke chumbani bila tarehe ya kurudi endapo damu haitakoma.