Namna ya Kufuatilia Hatima ya Gari Maarufu la Kale Lililosukwa Upya

Magari yaliyosukwa upya, yaani yaliyokatwa na kubadilishwa umbo na mafundi, katika gereji za kusini mwa California kati ya miaka ya 1940 na 1960 yanamsumbua kila anayeyatafuta kwa sababu ileile: yalivuma kwa muda mfupi, yakapigwa picha na majarida, yakashinda vikombe katika maonyesho, kisha yakauzwa kwa bei ya kutupa na yasionekane tena. Mtu anayetaka kujua gari fulani liliishia wapi kwa kawaida huishika ile picha iliyolipa sifa na kuanza kuuliza kama kuna aliyeliona likiwa vile. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa kuwa gari lilishaondoka katika sura ile zamani. Lilipigwa rangi nyingine, likabadilishiwa injini, likapata mmiliki ambaye hakujali jina lake, na pengine likakatwa upya na fundi mwingine aliyetaka kulipa jina lake mwenyewe. Njia ninayoishauri ni kuanzia siku ya mwisho ambayo kuna ushahidi kwamba gari lilionekana, halafu kusonga mbele kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine, bila kuruka hata mmoja.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Mercury ya mwaka 1951 iliyokuwa mali ya Masato Hirohata, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ambaye mwaka 1952 aliipeleka katika gereji ya ndugu wawili, George na Sam Barris, huko Lynwood. Walishusha paa kwa takriban inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, wakaondoa nguzo za katikati ya milango, wakaweka ubavuni urembo wa chuma kutoka kwa Buick ya 1952 na nyuma taa za Lincoln ya mwaka huohuo, kisha wakaipiga rangi mbili za kijani. Mwaka huohuo gari lilionyeshwa katika Motorama ya Los Angeles, na mwaka uliofuata Hirohata aliliendesha hadi Indianapolis. Hata hivyo, mwaka 1959 kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari, Jim McNiel, alilinunua kwa dola 500 tu likiwa katika yadi ya magari yaliyotumika. Alilitumia kwa miaka michache, akaliegesha, akakaa nalo kwa miongo kadhaa kabla ya kulirejesha katika hali yake ya awali. Mwezi Januari 2022 liliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, kwa zaidi ya dola milioni 1.9.

Tuitazame ile bei ya dola 500, maana ndani yake kuna somo lote la upelelezi huu. Kati ya siku ya kuvuma na siku ya kuthaminiwa kama urithi, kila gari la aina hii hupitia bonde ambalo thamani yake huwa ndogo kuliko ya gari jipya la kawaida. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mitindo ilikuwa imebadilika, vijana walitaka magari mapya yenye injini kubwa kutoka kiwandani, na Mercury iliyokatwa paa ilionekana kuwa ya kizamani. Ni katika bonde hilo ndipo magari mengi yalipokufa, na ndipo yale yaliyopona yalipopata wamiliki wasiojulikana. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kukadiria ni miaka gani gari lake lilikuwa na bei ya chini kabisa, kisha aelekeze nguvu zake huko: kwenye matangazo madogo ya magazeti ya mitaa, yadi za magari yaliyotumika, na vijana waliokuwa shuleni wakati huo, ambao leo ni wazee.

Anza na nyumba ya mwenyewe

Kabla ya kuingia katika maktaba yoyote, hakikisha kwamba gari halijabaki kwa mtu uliyemjua tangu mwanzo. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kitoto, lakini Golden Sahara II inaonyesha umuhimu wake. Gari hilo, lililotokana na Lincoln ya mwaka 1953 na kusukwa na George Barris pamoja na mmiliki wake, Jim Skonzakes wa Dayton, Ohio, lilikuwa na paa la kioo, mitambo ya kuliendesha kwa mbali, na baadaye magurudumu ya Goodyear yaliyopitisha mwanga na kung'aa kutoka ndani. Baada ya miaka ya 1960 halikuonekana hadharani, na minong'ono ikawa mingi. Kumbe lilikuwa kwa mwenyewe muda wote. Baada ya kifo chake mwaka 2017, liliuzwa katika mnada wa Mecum huko Indianapolis mwezi Mei 2018 kwa dola 385,000 likiwa limechakaa, likarejeshwa, na mwezi Machi 2019 likaonyeshwa Geneva.

Hadithi za gari lililofumwa ghalani chini ya vumbi hupendwa sana, nami nakiri zina ladha yake, lakini zinamjengea msomaji picha potofu. Mara nyingi gari halikupotea hata kidogo. Walioishi jirani nalo walijua lilipo, ila hakuna aliyewauliza.

Karatasi na picha

Hatua inayofuata ni kuandaa jedwali la tarehe. Kwa kila picha, tangazo au habari ya gazeti, andika tarehe iliyochapishwa, tarehe unayokadiria kuwa tukio lilifanyika, mahali, rangi ya gari, aina ya magurudumu na jina la anayetajwa kuwa mmiliki. Kumbuka kwamba majarida ya wakati ule, kama vile Hot Rod lililoanza mwaka 1948 na Rod & Custom lililoanza mwaka 1953, yalichapisha picha miezi kadhaa baada ya kupigwa, na wahariri waliweza kutumia tena picha ya zamani gari likiwa limeshabadilika. Tarehe ya toleo ni kikomo cha mwisho cha picha: inaonyesha kwamba picha ilipigwa kabla ya hapo, basi.

Namba za usajili husaidia sana kuzipanga picha hizo. California ilitoa pleti nyeusi zenye maandishi ya njano mwaka 1951, ikazibadilisha mwaka 1956 kuwa za njano zenye maandishi meusi, kisha mwaka 1963 ikarudi kwenye nyeusi zenye maandishi ya njano. Kwa hiyo hata picha isiyo na maelezo yoyote inaweza kuwekwa katika kipindi chake kwa kuangalia pleti peke yake, na ukikuza picha kwa lenzi unaweza kuiona alama ndogo ya kuonyesha mwaka iliyofungwa au kubandikwa kwenye kona. Jambo jingine la manufaa ni kwamba katika jimbo hilo pleti ya kawaida hubaki na gari linapouzwa. Ukiona namba ileile kwenye gari la kijani katika picha ya mwaka 1953 na kwenye gari la rangi nyingine katika picha ya mwaka 1955, umeunganisha vipindi viwili vya maisha ya gari moja. Tahadhari tu na picha za maonyeshoni, kwani huko pleti halisi mara nyingi iliondolewa na nafasi yake kuwekwa kibao chenye jina la gari au la klabu.

Vyanzo vingi kati ya hivi vinafikika bila kuondoka nyumbani, na msomaji aliye Mombasa au Dodoma anaweza kufanya nusu nzima ya kazi kwa intaneti. Maktaba ya Bunge la Marekani ina hazina ya magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni bure, na Chuo Kikuu cha California, Riverside, kina mkusanyiko kama huo wa magazeti ya jimbo. Kwa majarida ya magari na vijitabu vya maonyesho, waandikie Maktaba ya Umma ya Detroit, yenye idara maalumu ya historia ya magari, au maktaba ya AACA, chama cha Marekani cha wapenzi wa magari ya kale, iliyoko Hershey, Pennsylvania. Waombe kitu mahususi: toleo fulani, onyesho fulani, mwaka fulani. Barua inayosema "naomba chochote mlicho nacho kuhusu gari hili" haimsaidii mtunza kumbukumbu, na haitakusaidia wewe.

Namba ambazo haziaminiki

Sisi tuliozoea kadi ya gari au logibuku yenye namba ya chasisi na ya injini hudhani kwamba ofisi ya usajili inaweza kutupa mlolongo wote wa wamiliki. Kwa magari haya, matumaini hayo yapunguzwe mapema. Namba sanifu ya tarakimu na herufi 17 ilianza Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na baadhi ya majimbo yaliandikisha gari kwa namba ya injini. Mercury ya Hirohata iliwekewa injini ya Cadillac, na karibu kila gari lililosukwa lilipitia badiliko la namna hiyo angalau mara moja, hivyo anayefuata namba ya injini anaweza kujikuta anafuata chuma kilichokwisha kuhamia gari jingine. Isitoshe, sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inazizuia ofisi za usajili kutoa taarifa binafsi za wamiliki kwa mtu yeyote tu. Namba ya chasisi itafute, uihifadhi, uitumie mwishoni kuthibitisha. Usiitegemee ikuongoze njia.

Watu

Kinachofungua mlango ni wazee: mafundi bodi, wapiga rangi, wanachama wa vilabu vya zamani, majirani wa gereji. Mwendee mzee ukiwa na picha iliyochapishwa kwa ukubwa wa kutosha, umpe aishike, umwache azungumze. Usimtajie mwaka wala jina la mmiliki unayemshuku, kwa maana ukishamtajia, atakurudishia maneno yako mwenyewe yakiwa yamevaa joho la kumbukumbu. Badala ya kumuuliza "ilikuwa mwaka gani?", muulize alikuwa akifanya kazi wapi wakati huo, alikuwa ameoa au bado, yeye mwenyewe alikuwa akiendesha gari gani. Majibu hayo yana tarehe zinazoweza kuhakikiwa kwa njia nyingine. Ukifika kwa mwenye gari au familia yake, andika barua kwanza, eleza wewe ni nani na unatafuta nini, na usichapishe anwani wala picha ya nyumba yao. Wapo waliovamiwa na wanunuzi hadi wakafunga milango kabisa, na hawana kosa.

Usiishie katika jimbo au nchi moja. Orbitron, gari la ajabu lililojengwa na Ed Roth mwaka 1964, likiwa na taa tatu za mbele za rangi nyekundu, kijani na bluu, lilipatikana mwaka 2007 Ciudad Juárez, Mexico, limeegeshwa nje ya duka, pua yake yenye zile taa tatu ikiwa haipo. Juárez inatenganishwa na El Paso, Texas, na mto tu. Magari yaliyoshuka thamani huelekea mahali ambapo kazi ya fundi ni nafuu na chuma hakitupwi ovyo, kwa hiyo miji ya mpakani iwe kwenye orodha yako tangu mwanzo.

Kuthibitisha chuma chenyewe

Gari linapopatikana, mashaka yako yaongezeke. Thamani ikipanda, nakala huzaliwa, na nakala nzuri huifanana picha maarufu kuliko gari halisi linavyoifanana. Tafuta kwanza yale ambayo picha haikuyaonyesha, kwa sababu mwiga hakuwa na pa kuyanakilia. Omba ruhusa ya kushusha kitambaa cha dari uone mahali paa lilipokatwa na kuchomelewa: kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilijazwa risasi iliyoyeyushwa, wakati kazi ya baadaye mara nyingi imejazwa puti ya plastiki, na sumaku ndogo ikitumiwa pamoja na kipimo cha unene itakuonyesha mahali bati lilipoishia. Kisha nenda kwenye bawaba za mlango au chini ya mpira wa buti, mahali ambapo wapiga rangi huwa wavivu. Ukisugua kwa msasa laini eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba, rangi zitafunguka moja baada ya nyingine kama maganda ya kitunguu, na mpangilio wake lazima ulingane na jedwali lako la tarehe. Tabaka moja likikosekana si kesi, lakini tabaka likiwa mahali lisipostahili ni kesi.

Vitu vidogo vya mkono huthibitisha kuliko vikubwa. Katika Mercury ya Hirohata, vitufe vya dashibodi vilikuwa vya plastiki ya matabaka, alivyovitengeneza Hirohata mwenyewe. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi dukani, na michubuko yake hulingana na picha za karibu au hailingani.

Gari likiwa limekufa

Kufa kwa gari nako kunahitaji ushahidi. Mwezi Desemba 1957 moto uliteketeza gereji ya Barris pamoja na magari yaliyokuwamo, na tangu hapo moto huo umekuwa kisingizio cha kila gari lisilojulikana lilipo. Njia ya kuupima uvumi wa aina hiyo ni rahisi: tafuta picha, tangazo au tokeo la onyesho la baada ya tarehe hiyo. Likipatikana hata moja, moto hauhusiki. Lisipopatikana, andika kwamba mara ya mwisho gari lilionekana mwaka fulani mahali fulani, na ukomee hapo. Neno "liliteketea" liandikwe tu pale ambapo mtu aliyekuwapo au picha ya mabaki inalitaja gari hilo lenyewe. Magari yaliyopelekwa kwenye vyuma chakavu nayo mara nyingi yaliacha vipande nyuma, kwa kuwa bampa, taa na injini ziliuzwa kwanza, hivyo kipande kimoja chenye historia inayoeleweka kinaweza kukufikisha kwa mtu aliyelikata gari.

Jalada likifika mahali ambapo haliendelei, tengeneza nakala yake yenye jedwali, picha na rekodi za mahojiano zilizoridhiwa na wahojiwa, uikabidhi kwa maktaba au makumbusho yanayopokea kumbukumbu za magari, kama vile Petersen ya Los Angeles, ukiwa umetenganisha waziwazi yaliyothibitishwa na yale uliyoambiwa tu.